Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uhalali wa viongeza ladha: ajinomoto na namba 621, 627, 631 na 635

Ukurasa huu umeandikwa Moshi kwa ajili ya wapishi wa sherehe, mama lishe, wenye maduka ya rejareja na familia za Kiislamu ambazo hugeuza pakiti ya kiungo cha mchuzi, zikakuta nyuma yake namba za tarakimu tatu, zikabaki na mashaka. Maswali haya yametoka kwenye mafunzo ya usafi wa chakula ninayoyatoa Moshi na Arusha, na mengi hurudi kila mwezi wa Shaabani, watu wanapoanza kununua vitu vya Ramadhani. Majibu yaliyomo si fatwa, na mwenye jambo linalomkera moyoni amwendee shehe wake. Hapa tunaeleza kitu chenyewe ni nini, kinatengenezwaje na shaka inakaa mahali gani hasa, kwa maana nimeona watu wakiogopa pasipo na la kuogopa, kisha wakapita kwa amani palipo na swali la kweli.

Kiongeza ladha ni nini? Je, ni sawa na kiungo?

Hapana. Kiungo kama iliki, mdalasini au bizari huja na ladha yake na harufu yake. Kiongeza ladha chenyewe hakina harufu ya kutajika. Kazi yake ni kuifanya ladha iliyomo tayari ndani ya chakula isikike zaidi mdomoni. Kwenye pakiti za Kiingereza hutambulishwa kwa maneno "flavour enhancer", na namba zake karibu zote zinaanzia 620 hadi 635. Kinachoandikwa "flavouring" au "flavour" ni kitu kingine kabisa, yaani ladha iliyotengenezwa ili chakula kifanane na kuku, nyama ya ng'ombe au kamba. Tofauti hiyo ishikwe vizuri, kwa sababu itarudi mbele.

Ajinomoto ni halali?

Tuanze na jina. Ajinomoto ni jina la kampuni ya Japani, lakini madukani kwetu limekuwa jina la unga wowote mweupe wa chembechembe unaokoleza mchuzi, hata kama umetoka kiwanda kingine kabisa. Kitu chenyewe kinaitwa monosodiamu glutamati, na namba yake ni 621. Mwaka 1908 Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliipata glutamati kutoka kwenye kombu, aina ya mwani ambao Wajapani huuchemshia supu, akaipa ladha yake jina la umami. Mwaka uliofuata unga huo ukaanza kuuzwa.

Zamani ulitengenezwa kwa kuichemsha protini ya ngano ndani ya asidi. Njia inayotumika leo ilitokana na ugunduzi wa mwaka 1956, pale watafiti wa kampuni ya Kyowa Hakko walipompata bakteria aitwaye Corynebacterium glutamicum, ambaye akilishwa sukari hutoa glutamati kwa wingi. Sukari hiyo hutoka kwenye molasi ya miwa, wanga wa mahindi, muhogo au viazisukari, kutegemea nchi. Mkazi wa Moshi hahitaji kuelezwa molasi ni nini: ni ile rojo nyeusi inayobaki baada ya sukari kutolewa kwenye miwa, ambayo wafugaji wetu huwachanganyia ng'ombe, na anayepita njia ya Arusha Chini karibu na mashamba ya miwa ya TPC anaijua kwa pua kabla ya kuiona. Glutamati haitengenezwi pale. Nataja molasi ili msomaji apate picha ya kitu kinachoingia kwenye mapipa ya kiwanda.

Kwa hiyo mali ghafi ni mmea, na mfanyakazi ni bakteria. Asili ya vitu ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza, na katika 621 yenyewe hakuna kitu cha mnyama. Ndiyo maana taasisi za halali za nchi mbalimbali huipa cheti bila taabu. Swali linalobaki ni bakteria huyo alilishwa nini tangu mwanzo. Swali hilo ni la haki, na limewahi kuitikisa nchi nzima, kama inavyoelezwa hapa chini.

Kama imechachushwa, basi si pombe?

Swali hili huulizwa sana mkoani Kilimanjaro, na sababu yake inaeleweka. Mtu aliyekulia hapa akisikia neno kuchachusha, mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye mbege: ndizi mbivu zimechemshwa, zimekaa siku kadhaa, kisha kimea cha ulezi kimetiwa, na kesho yake kinywaji kinalevya. Lakini kuchachusha ni neno pana. Maana yake ni vijidudu kula sukari na kutoa kitu kingine, na kile kinachotoka hutegemea ni kijidudu gani kimepewa kazi. Hamira ikiachwa kwenye juisi hutoa kileo. Bakteria wa maziwa ya mgando hutoa asidi, na hakuna Mwislamu anayeacha mtindi kwa kuogopa ulevi. Corynebacterium glutamicum hutoa asidi ya glutamiki, ambayo huchujwa, huchanganywa na sodiamu, husafishwa na kukaushwa mpaka ikawa chembe. Molasi hiyohiyo ikipewa hamira huishia kuwa spiriti. Hukumu inafuata kilichotoka.

Nimesikia kuna nchi ilitangaza ajinomoto kuwa haramu kwa sababu ya nguruwe. Ni kweli?

Ni kweli, na kisa hiki kinafaa kuelezwa sawasawa kwa sababu hapa kwetu husimuliwa nusu. Mwishoni mwa mwaka 2000 Baraza la Wanazuoni la Indonesia, linalojulikana kwa kifupi MUI, lilitoa fatwa kwamba kiongeza ladha cha Ajinomoto kilichotengenezwa nchini humo ni haramu. Januari 2001 mzigo uliokuwa madukani ukaanza kuondolewa. Wengi wanaosimulia husema nguruwe alitiwa ndani ya unga, na hapo ndipo wanapokosea. Unga wenyewe haukukutwa na kitu cha nguruwe.

Kilichokutwa kilikuwa nyuma sana. Kabla bakteria hawajaingizwa kwenye mapipa makubwa ya molasi, mbegu yao hutunzwa na kukuzwa kwenye chakula maalumu, kama vile mpishi wa mikate anavyotunza chachu yake pembeni. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha chakula hicho na kuweka kingine kiitwacho bactosoytone, ambacho ni protini ya soya iliyovunjwavunjwa, na kimeng'enya kilichoivunja kilikuwa kimetolewa kwa nguruwe. Kwa hiyo tuna kimeng'enya kilichovunja soya, soya iliyolisha bakteria, bakteria waliozaa vizazi visivyohesabika, na vizazi hivyo vikala molasi na kutoa glutamati.

Waindonesia wenyewe hawakuafikiana. Rais wa wakati huo, Abdurrahman Wahid, ambaye alikuwa msomi wa dini na aliwahi kuiongoza jumuiya kubwa ya Nahdlatul Ulama, alisema unga huo ni halali kwa kuwa bidhaa ya mwisho haina nguruwe. Baraza lilishikilia kwamba kukitumia kitu cha nguruwe katika utengenezaji kunatosha kukataza, hata kisipoonekana mwishoni. Kiwanda kilibadilisha chakula cha bakteria, na mwaka huohuo wa 2001 bidhaa ikarudishiwa uhalali wake.

Anayeutumia mkasa huo leo kukataza kila chembe ya 621 duniani anasahau kwamba ulihusu kiwanda kimoja, kwa kipindi kimoja, na kwamba ulimalizwa. Hata hivyo hatuna budi kukiri kwamba bila wakaguzi kuingia kiwandani na kufungua madaftari, hakuna maabara ya mjini kwetu ambayo ingekiona kitu kile kwa kuupima unga.

Sisi wengi ni Washafii. Je, kitu najisi kikigeuka kikawa kingine, hukumu haigeuki?

Suala hili wanazuoni huliita istihala, na madhehebu yametofautiana tangu zamani. Mahanafi, na Wamaliki kwa sehemu kubwa, wanasema kitu kikibadilika dhati yake kinapata hukumu ya kile kilichogeuka kuwa. Mfano wao maarufu ni mnyama aliyeangukia kwenye machimbo ya chumvi, akakaa mpaka akawa chumvi. Ibn Taymiyya pia aliiunga mkono rai hiyo. Katika madhehebu ya Shafii mlango ni mwembamba: mvinyo uliogeuka siki wenyewe bila kutiwa kitu, na ngozi ya mzoga iliyodabighiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Kilicho najisi kwa dhati yake, kama nguruwe, hakitakasiki kwa kubadilishwa.

Ndiyo sababu shehe wa Moshi aliyesoma Kishafii anaweza kumjibu mtu kwa ukali kuliko mwanazuoni wa Kihanafi, na wote wawili wakawa wamesimama kwenye elimu. Tunaowasikiliza masheikh wa kwenye simu kutoka nchi mbalimbali tuulize kwanza anayejibu anajibu kwa madhehebu gani. Katika mafunzo yangu nimeshuhudia ugomvi wa nusu saa nzima kati ya watu wawili waliokuwa wakirudia maneno ya masheikh wawili wa mbali, na kila mmoja akidhani mwenzake amepotoka.

Hata hivyo mjadala wa istihala unatuhusu tu pale tunapojua kwamba kitu najisi kiliingia. Kwa 621 ya kawaida inayotokana na mmea, hakuna cha kugeuka.

Vipi kuhusu 627, 631 na 635?

Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie, kwa sababu mashaka yana mguu wa kusimamia. Namba 631 ni disodiamu inosinati. Iligunduliwa na Shintaro Kodama mwaka 1913 kutoka kwenye samaki aina ya jodari aliyekaushwa, anayetumika katika supu ya Kijapani. Namba 627 ni disodiamu guanilati, na ladha yake ilitambuliwa na Akira Kuninaka mwaka 1957, akaihusisha na uyoga wa shiitake. Namba 635 ni mchanganyiko wa hizo mbili. Hutiwa kidogo sana pamoja na 621, kwa kuwa zikikutana ladha huongezeka kuliko jumla ya kila moja peke yake. Ndiyo maana utazikuta zikifuatana kwenye tambi za haraka, krispi na vipande vya mchuzi.

Inosinati hupatikana kiasili ndani ya misuli ya wanyama na samaki, kwa hiyo inaweza kutolewa kwenye nyama ya ng'ombe, kuku, nguruwe au samaki. Inaweza vilevile kutengenezwa bila mnyama yeyote, kwa kuwalisha bakteria sukari ya muhogo au mahindi, au kwa kuvunja asidi za kiini cha hamira kwa kimeng'enya cha ukungu. Viwanda vikubwa vya leo hutumia zaidi njia hizi za vijidudu, kwa sababu ya kawaida tu ya biashara: ni rahisi kuzisimamia na ubora wake haubadilikibadiliki. Lakini neno "zaidi" si sawa na "zote", na namba iliyochapwa kwenye pakiti inabaki ileile, iwe imetoka kwenye muhogo au kwenye mnyama.

Kwa hiyo hukumu hupangwa hivi. Ikiwa imetoka kwa mmea au vijidudu, ni halali. Ikiwa imetoka kwa samaki, ni halali pia, kwa kuwa mawindo ya bahari yamehalalishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 96, wala samaki hahitaji kuchinjwa. Ikiwa imetoka kwa ng'ombe au kuku, inategemea uchinjaji, kwa sababu mnyama asiyechinjwa kisheria ni mzoga. Ikiwa imetoka kwa nguruwe, ni haramu. Na pakiti isiyosema chochote, isiyo na cheti chochote, ni shubha. Hadithi ya Nuuman bin Bashir, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inajulikana na kila mwanafunzi wa madrasa: halali iko wazi, haramu iko wazi, na kati yake kuna yenye kutatiza ambayo watu wengi hawayajui, na mwenye kujiepusha nayo amejihifadhi. Hadithi haikusema yenye kutatiza yamekuwa haramu, na anayejiepusha na 631 isiyo na cheti asimtangaze jirani yake kuwa amekula nguruwe.

Orodha iliyosambazwa kwenye kundi letu la simu inasema namba fulani zote ni nguruwe. Tuiamini?

Msiiamini. Namba hizi ni za kutambulisha kitu tu. Ulaya huziwekea herufi E mbele, na mfumo wa kimataifa wa Codex huziita INS, ila tarakimu ni zilezile. Hazikuwekwa ili kuficha nguruwe kwa Waislamu, kama sauti moja iliyosambaa inavyodai. Orodha ya namna hiyo huchanganya vitu vitatu: visivyoweza kuwa vya mnyama, vinavyoweza kuwa, na ambavyo daima ni vya mnyama, kisha vyote hupakwa rangi nyekundu.

Kuna kosa jingine la karibu. Mama mmoja wa Majengo alinijia na pakiti ya unga wa uji, amekasirika, akanionyesha 620 chini ya mistari myeusi ya msimbopau na kusema wamemtilia asidi ya glutamiki mwanawe. Tarakimu tatu za mwanzo za msimbopau huonyesha nchi ambako kampuni ilisajili namba yake. 620 ni Tanzania na 616 ni Kenya. Uji wake ulikuwa wa mahindi, soya na karanga. Namba za viongeza zitafutwe ndani ya orodha ya viambato peke yake.

Pakiti imeandikwa "ladha ya kuku". Je, kuna kuku ndani?

Pengine yumo, pengine hayumo, na kwa maoni yangu hili ni swali zito kuliko la ajinomoto, ingawa huulizwa mara chache. Tambi nyingi zenye picha ya kuku aliyeokwa hazina hata unyoya wake. Ladha imeundwa kwa protini ya soya, sukari, hamira na viongeza. Nyingine zina unga wa kuku halisi au mafuta ya kuku, yaani kuku aliyechinjwa mahali fulani na mtu fulani. Vilevile kwa ng'ombe. Nimeona watu wakisoma orodha, wakafika kwenye 621, wakashtuka na kuirudisha pakiti, hali mstari mmoja juu yake palikuwa pameandikwa mafuta ya mnyama bila kutaja ni mnyama gani, na hawakuusoma.

Kwa hiyo soma kwa kuanza na maneno: mafuta ya mnyama, unga wa nyama, dondoo la nyama, jelatini. Ukishamaliza hayo, rudi kwenye namba.

Dondoo la hamira nalo?

Hamira yenyewe ni halali, na dondoo lake lina glutamati kwa wingi, ndiyo maana viwanda vinavyotaka kuandika kwamba havikutia 621 hulitumia badala yake. Swali linahusu hamira iliyokwisha tumika kutengeneza bia, ambayo baadhi ya viwanda huinunua na kuichakata. Taasisi za halali hutofautiana hapo: zipo zinazoikubali ikishasafishwa kileo, na zipo zinazoikataa. Cheti ndicho cha kutazama.

Alama ya TBS haitoshi?

Alama ya Shirika la Viwango Tanzania inazungumzia ubora na usalama. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula, ambayo zamani ilikuwa ya TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, imo mikononi mwa shirika hilo. Kiwanda kinaweza kupata alama ya TBS kwa soseji ya nguruwe iliyo safi na salama, na hakuna aliyedanganywa.

Uhalali una cheti chake. Hapa nchini BAKWATA hutoa vyeti vya halali kwa viwanda, machinjio na mahoteli. Bidhaa nyingi za maduka ya Arusha na Moshi huingia kwa Namanga na Holili, kwa hiyo utakuta alama za taasisi za Kenya. Zinazotoka mbali zaidi huja na alama ya JAKIM ya Malaysia au za Indonesia. Alama ya kweli huwa na jina la taasisi iliyoitoa. Neno "halal" lililochapwa peke yake kwa herufi za mapambo, bila taasisi yoyote, ni maneno ya mwenye bidhaa kujisifia.

Na unga wa kupima, usio na pakiti?

Hili nalijibu kwa nilichokiona. Katika duka moja la sokoni nilimkuta kijana amekaa mbele ya kiroba kilichofunguliwa, anachota chembe nyeupe kwa kijiko cha chakula, anatia kwenye kifuko cha nailoni chenye upana wa vidole viwili, anakunja mdomo wake na kuupitisha juu ya mwali wa mshumaa mpaka unajifunga. Amepanga mamia kwenye trei ya mayai. Nilimwomba nione kiroba. Upande wenye maandishi ulikuwa umekalia sakafu, na alipougeuza, orodha ya viambato ilikuwa imefutika kwa unyevu. Hakuwa na nia mbaya. Ila aliyenunua kifuko chake alinunua kitu kisicho na jina, na siku nyingine ndani yake panaweza kuwa na mchanganyiko wa 621 na 635, au chumvi na sukari.

Mama lishe anayetaka kuwa na uhakika anunue pakiti iliyofungwa kiwandani, hata ndogo, na aihifadhi pakiti tupu mpaka unga uishe. Mteja akiuliza, ampe aisome mwenyewe.

Jirani yetu Mkristo ametualika harusini. Nyama imechinjwa na Mwislamu, lakini sijui mchuzi umetiwa nini. Nile?

Huku kwetu ni desturi ya siku nyingi: ukoo ni mmoja, dini ni mbili, na mwenye shughuli humwita Mwislamu achinje ili wageni wote wale sufuria moja. Mtu aliyejali kiasi hicho hajakuwekea mtego kwenye kipande cha mchuzi. Katika Bukhari imo hadithi ya Bibi Aisha kuhusu watu walioletewa nyama bila kujua kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia walitaje wao na wale. Wanazuoni huitumia kuonyesha kwamba Mwislamu hakukalifishwa kuchimbua kila sufuria. Ukiwa miongoni mwa wapishi, pendekeza mapema kiungo chenye cheti, na mara nyingi utakubaliwa, kwa maana mama mwenye harusi hana ugomvi na pakiti. Ukiwa mgeni, kula.

Kibanda cha chipsi kilicho ubavuni mwa kiti moto je?

Uliza kuhusu mafuta, karai na koleo, na kama kisu kinaazimwa huku na huku. Chumvi ya pilipili wanayonyunyizia juu ina uzito mdogo sana kulinganisha na karai lililokaangiwa nguruwe asubuhi.

Kisheria kinachodhuru kinakatazwa. Je, ajinomoto haileti madhara?

Hofu hiyo ilianza na barua iliyochapishwa mwaka 1968 katika jarida la kitabibu la Marekani, ya daktari aliyeeleza ganzi na udhaifu alivyovihisi baada ya kula katika mikahawa ya Kichina. Majaribio yaliyofuata, ambapo watu walipewa bila kujua nani kapata unga na nani hakupata, hayakuonyesha athari za kudumu kwa kiasi kinacholiwa kwa kawaida, ingawa wapo wachache wanaoumwa kichwa kwa muda wakipewa kingi bila chakula. Mwaka 1987 kamati ya wataalamu wa viongeza vya chakula ya FAO na WHO haikuona haja ya kuweka kikomo cha kiasi cha kula kwa siku. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilichagua kuweka kikomo, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Sodiamu iliyomo ni kama asilimia 12, wakati chumvi ya mezani ina asilimia 39, hivyo mwenye shinikizo la damu ahesabu vyote viwili. Binafsi sioni hapa hoja ya kuharamisha. Naona hoja ya kupunguza mkono.

Nitauliza nini kiwandani ili nipate jibu la maana?

Usiulize "je, bidhaa yenu ni halali?", kwa sababu utajibiwa ndiyo. Tumia namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye pakiti, taja jina la bidhaa na namba ya toleo, kisha uliza: 631 au 635 yenu imetokana na nini, mmea, vijidudu, samaki au mnyama wa nchi kavu? Vimeng'enya na chakula cha vijidudu vimetoka wapi? Nani ametoa cheti, na kinaisha lini? Wanaojua kazi yao hujibu kwa maandishi. Mfanyabiashara wa jumla katika soko la Kilombero, Arusha, au la Mbuyuni, Moshi, anaweza kuliuliza hilo mara moja kwa niaba ya wateja wake wote, na jibu akalibandika ukutani karibu na leseni.

Kuna namna ya kupata ladha hiyo bila pakiti kabisa?

Ipo, na bibi zetu waliitumia bila kujua jina lake. Nyanya iliyoiva sana ina glutamati, dagaa mkavu ana inosinati, na uyoga uliokaushwa una guanilati. Ni yaleyale ya 621, 631 na 627, yamekaa mahali pake pa asili. Chukua konzi mbili za dagaa, ondoa vichwa, uwakaange bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka wakatike ukiwabana kwa vidole, kisha uwatwange wawe unga. Katakata nyanya tano, uzipike peke yake na chumvi kidogo mpaka maji yaishe na rangi igeuke kuwa ya udongo mwekundu. Tia vijiko viwili vya ule unga wa dagaa, ongeza maji ya moto, acha vichemke kwa dakika kumi na uchuje. Supu hiyo ukiimimina kwenye mchuzi wa maharage au kwenye ndizi za kupika, walaji watakuuliza umetia nini.